Kila Kinachosikika Kimeandikwa

Sauti ya gunda la baba haikuwa nzuri. Nasema mapema, kwa sababu watu wakisikia habari za pembe inayopulizwa milimani alfajiri wanadhani ni kitu cha kupendeza. Ilikuwa kama ng'ombe anayelalamika akiwa ndani ya pipa. Ilianza chini, ikakwaruza, halafu ikapanda ghafla na kukatika katikati kama vile baba ameishiwa pumzi, kumbe ndivyo alivyofundishwa na babu. Ilipita juu ya migomba, ikagonga mlima wa pili, ikarudi ikiwa imechoka. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi hadi puani, maana kule juu kwetu ukungu unaingia mpaka chumbani, na nilijua tayari leo kuna nini. Leo ni msaragambo. Kila nyumba itoe mtu, aje na jembe, tope likatolewe kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Baba ndiye alikuwa msimamizi. Gunda alilipokea kwa baba yake, na baba yake alilipokea kwa baba yake, na kwa desturi ya ukoo wetu linakwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwetu wa kwanza ni kaka yangu. Kaka hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo, akiwa bado hajajua kuongea.

Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo alipenda kumwekea baba kiganja mgongoni wakati anapuliza. Mgongo ulikuwa unanguruma, alisema, kama gari la mchanga linapopita karibu na nyumba. Siku moja baba akautoa ule mkono, taratibu tu, bila hasira, kama mtu anavyotoa jani lililomwangukia begani. Kaka hakuuweka tena.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na cheti changu sina haraka ya kumwonyesha mtu. Baada ya baba kufariki nilishuka mjini Same kukaa na kaka, nikapata kazi kwenye steshenari moja karibu na stendi. Kazi ilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, na kutengeneza kadi za harusi. Hizo kadi ndizo zilizonifundisha mambo ya rangi na mpangilio wa maandishi, kwa sababu mama wa bibi harusi akikasirika kuhusu rangi ya zambarau utajifunza tu. Kutengeneza tovuti nilijifunzia kwenye simu, video moja baada ya nyingine, mpaka bando linakata katikati ya sentensi. Sikuwa na sababu yoyote. Nilikuwa naota. Ndivyo nilivyo, na kaka anasema ni ugonjwa: mtu akinionyesha chumba kitupu, mimi najiona tayari nimekaa ndani nakunywa chai na wageni.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka aliyofundisha milimani alikuwa akizunguka na redio kaseti nyumba kwa nyumba, anawarekodi wazee: habari za ndiva, za mahari, za misitu ambayo haiingiliwi, nyimbo za kupalilia. Sasa amerudi mjini, na kile chumba kilichokuwa stoo ya mahindi nyuma ya nyumba yake amekifanya hifadhi ya kumbukumbu. Kuna picha ukutani, kuna mitungi, kuna jembe la mti, na kuna sanduku la kaseti alilolifunika kitenge. Watu walikuwa wanamwandikia kutoka kila upande. Kuna watoto wa wale wazee waliokwenda Dar, wengine wako kwenye mkonge kule tambarare, wengine wanauza samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na wote wanataka kusikia.

Siku hiyo alikuja kutoa kopi ya picha, akabaki amesimama.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna nyingine?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Nauliza. Hiki kitu cha mtandaoni ambacho watu wanafungua kwenye simu, wewe unaweza kukitengeneza?"

"Naweza, mwalimu."

"Umewahi?"

"Bado."

Akacheka, akakunja kopi yake. "Basi tuko sawa. Na mimi sijawahi kutengenezewa."

Tovuti ya kwanza niliyoitengeneza niliipenda kupita kiasi. Niliitia rangi ya ukungu. Nyuma kijivu kilichopauka, maandishi kijivu kilichokolea kidogo, vitufe vyembamba, picha ya mlima inayotokea polepole kama alfajiri kwetu. Nilipoitazama ndani ya chumba cha mwalimu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, nilikaribia kutokwa machozi. Nikaichukua mbio kumwonyesha kaka.

Kaka ni fundi wa kuchomelea. Gereji yao iko upande wa barabara kuu, haina paa la maana, na jua la Same halina huruma na mtu. Pale watu wengine wanaziba masikio grenda linapolia. Kaka anajisifu kwamba yeye ndiye fundi pekee aliyezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Tunaongea naye kwa njia mbili. Kuna mikono, yaani ile mikono ya nyumbani kwetu iliyochanganyika na ile aliyojifunza shule ya viziwi. Na kuna meseji. Meseji anazitumia akitaka kunitukana vizuri, hata kama nimesimama mbele yake.

Aliipokea simu, akaitazama, akaikinga jua kwa mkono, akaigeuza huku na huku. Akanirudishia. Akatoa yake, akaandika.

"Umeandika kwa moshi?"

Halafu nyingine. "Kitufe kidogo kama kiroboto. Mzee atabonyeza, kitaruka."

Halafu akabonyeza video niliyoirekodi kwa simu, ya bibi mmoja anayeeleza jinsi ya kusuka kikapu. Akaitazama hadi mwisho, uso umetulia. "Hii redio yenye picha. Mimi naona mdomo unacheza tu."

Mwenzake wa gereji, mtu wa Singida aliyekuja huku kukata mkonge akaukimbia, aliinua kofia ya kuchomelea. "Dada, anasemaje huyo?"

"Anasema tovuti yangu mbaya."

"Usiumie. Juzi alisema geti la mchungaji baya, na alilichomelea mwenyewe."

Niliumia kidogo, lakini nilikwenda nikaibomoa. Nikaweka maandishi meusi, makubwa, juu ya rangi nyeupe, hata ukiwa umesimama juani unasoma. Vitufe vikawa vipana kama tofali. Kwa wasioona, ambao simu zao huwasomea kwa sauti, nikaanza kuandika maelezo chini ya kila picha: nani amesimama wapi, ameshika nini, nyuma kuna nini. Na kwa wasiosikia, nikaamua kila kaseti itaandikwa yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na hata visivyo maneno vitaandikwa ndani ya mabano. Mtu akicheka, naandika anacheka. Mbuzi akipita, naandika mbuzi. Nilijifunza kwenye zile video kwamba ndivyo inavyofanywa, na nilipoelewa sababu yake nilijisikia mtu mkubwa. Juu kabisa ya ukurasa nikaandika kwa herufi nene: Kila kinachosikika hapa kimeandikwa.

Mwalimu alivaa miwani, akaisoma ile sentensi, akaivua miwani.

"Hii ni ahadi, mwanangu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya."

Nilimpelekea kaka tena. Safari hii hakutukana. Alishusha ukurasa kwa kidole gumba chenye makovu ya cheche, akafika mahali nilipopanga majina ya kaseti, akarudi juu, akashuka tena. Akaniuliza kwa mikono: ya baba ipo?

Sikujua kama baba aliwahi kurekodiwa. Ilikuwa kabla sijazaliwa. Ndipo kaka akanieleza, tumekaa juu ya mabomba, mikono yake ikienda haraka kuliko kawaida. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuvaa sare ya shule. Mwalimu alikuja nyumbani na redio yenye taa nyekundu, akaiweka juu ya kigoda. Baba akazungumza kwa muda mrefu. Kaka alikuwa amekaa kwenye kizingiti, baba amempa ubavu, kwa hiyo mdomo wake hakuuona. Alichokiona ni mkono. Katikati ya mazungumzo baba alinyoosha kidole, akamwelekezea yeye, akasema jambo. Mwalimu akageuka, akamtazama kaka, akainamisha kichwa kwa heshima kabisa. Kisha wakaendelea.

Hapo akaacha mikono, akachukua simu. Nadhani alitaka nisome, nisije nikaelewa nusu.

"Baba hakuwahi kunitaja kwa mgeni. Siku ile tu. Nataka kujua alisema nini."

Baba hakujifunza mikono. Alikuwa na ishara chache, na zote zilikuwa za kazi: njoo, kula, mbuzi, acha. Kaka aliishi naye hadi alipokuwa mtu mzima, akamwogesha alipougua, akamzika, na katika muda wote huo hawakuwahi kupiga hadithi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amekaa na kile kidole, amekitunza.

Kisha akaandika nyingine, ili nisilie. "Labda alisema huyu anatosha, msilete mwingine. Halafu ukazaliwa wewe."

Nikamwambia nitaanza na kaseti ya baba, kabla ya zote.

Mwalimu nilipomwambia aliligeukia lile sanduku la kaseti. "Ya mzee wako? Kwa nini usianze na zile za nyimbo? Watu wanazipenda."

"Kaka anaisubiri, mwalimu."

Akafunua kitenge, akachagua, akaifuta kaseti kwa shati lake. "Ina kelele hii," alisema. "Usishangae ikiwa haisikiki vizuri." Akatoka nje, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha na picha zake na gundi.

Nakumbuka upepo siku hiyo ulikuwa unatikisa bati. Niliweka spika masikioni, nikabonyeza. Kwanza kikohozi. Kisha sauti ya baba, lakini ya baba kijana, baba ambaye mimi sikumkuta, akiongea Chasu, Kipare chetu, kwa haraka na kwa furaha. Sijui nisemeje. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa naandika huku natabasamu, natafsiri, narudisha nyuma, naandika tena. Alieleza jinsi zamu zinavyogawanywa, nani anaanza wakati wa kiangazi, mtu anayekosa msaragambo anafanywa nini. Alieleza habari ya jirani aliyefungua maji usiku wakati si zamu yake, na alipokamatwa akiwa na matope hadi magotini akasema ni chura aliyezibua. Nikaandika: anacheka. Nikaandika: jogoo anawika. Nikaandika: mvua inaanza kwenye bati. Nilikuwa naona tayari jinsi kaka atakavyosoma habari ya chura, atakavyopiga paja.

Kisha sauti ya mwalimu, nayo ya kijana, ikauliza: "Na hili gunda, mzee, utamwachia nani?"

Baba akasema: "Sina wa kumwachia. Yule pale unayemwona hasikii. Ni kama sina mtoto."

Na bila hata kuvuta pumzi akaendelea: "Sasa hilo tope, lisipotolewa kabla ya mvua za vuli, ndiva inakuwa bakuli tu."

Niliitoa spika sikio moja. Nikairudisha. Nikasikiliza tena, kwa sababu nilidhani labda Chasu changu ni kibovu, mimi mtoto niliyeshuka mjini. Hakikuwa kibovu. Hakuna neno hata moja pale ambalo ningeweza kuligeuza likawa jingine.

Mwalimu hakugeuka nilipotoka nje. Alikuwa amebana picha kati ya vidole anasubiri gundi ikauke.

"Umefika pale?"

"Nimefika."

"Nilitaka kukwambia. Halafu nikasema labda mkanda umeliwa na fangasi. Kaseti nyingi zimeliwa."

"Kaka anasema ulimtazama, mwalimu. Ukainamisha kichwa."

"Ningefanya nini, mwanangu? Mzee anaongea kwake, amenikaribisha, mtoto amekaa pale ananitazama kwa macho makubwa. Nilimsalimia tu." Akaipuliza ile gundi. "Ruka mahali pale. Weka vidoti. Watu wanasoma habari za maji, nani atagundua?"

"Kaka ndiye atasoma."

"Ndiyo hasa. Sikiliza. Kuna maneno mzee aliyasema kwa sababu mtoto hasikii. Angekuwa anasikia asingeyasema. Kwa hiyo ni kama hakumwambia."

"Alimnyooshea kidole, mwalimu."

Mimi sina elimu ya kubishana na mwalimu, lakini jambo moja lilikuwa linanisumbua tangu ndani, nikalitoa lilivyo. Nilimwambia kwamba sauti tunaiweka mtandaoni. Mtu yeyote mwenye masikio, awe Dar au Nyumba ya Mungu, akibonyeza atasikia baba anavyosema. Tukifuta kwenye maandishi, wote watajua isipokuwa kaka. Itakuwa tena kama siku ile kwenye kizingiti.

"Tukate na kwenye sauti basi," akasema, polepole.

"Wewe utakata kaseti?"

Alitazama picha zake. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kunikataza kukata hata kipande ambacho kuku aliruka juu ya redio na bibi akamfukuza kwa Chasu kikali, alisema kuku naye ni kumbukumbu. "Hapana," akasema. "Sikati." Kisha akasema, kama anayeongea na gundi: "Fanya unavyoona. Mimi ningekuwa na nguvu ningemwambia mwenyewe, lakini mikono yake siijui."

Sikuiweka mtandaoni siku ile. Sikutaka kaka aikute huko pamoja na wageni. Nilikwenda gereji na ukurasa ukiwa kwenye simu yangu. Alikuwa anakata bomba, cheche zinaruka hadi barabarani. Aliponiona alizima grenda, akapangusa mikono kwenye suruali mara ya kwanza na mara ya pili, akanyoosha kiganja.

Nilifungulia mwanzo kabisa. Nilitaka asome kama watu wote watakavyosoma, tangu kikohozi. Nikakaa juu ya mabomba nikamtazama, jambo ambalo si la adabu, kumtazama mtu anayesoma. Kwenye zamu za maji uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Kwenye chura alicheka, ile sauti yake ya kifuani ambayo haijui kama ni kubwa, akamvuta mwenzake amwonyeshe, kisha akamwacha, akaendelea. Nilijua amefika kwa sababu kidole gumba kilisimama. Kilirudi juu kidogo. Kikashuka. Kikasimama tena. Halafu kaka akaendelea kusoma habari za tope, na majembe, na mvua za vuli, hadi mwisho, hata pale nilipoandika kaseti inakwisha. Akanirudishia simu, kioo kikiwa kimeelekea chini.

"Vipi, alisema nini mzee?" mwenzake akauliza. "Amesema huyu ataoa lini?"

"Habari za maji," nikasema.

Kaka alivaa kofia yake ya kuchomelea, akarudi kwenye geti alilokuwa analishughulikia, geti lenye ua la chuma katikati. Alichomelea petali moja. Nilikaa palepale. Sikuwa na pa kwenda, na kumwacha niliona vibaya. Baada ya muda simu yangu ikatetemeka, na yeye yuko hatua chache tu kutoka nilipo, amenipa mgongo.

"Alisema kweli. Kiziwi hawezi gunda."

Nikaandika: "Si kweli."

"Kweli. Gunda lazima usikie majirani wakijibu."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Ni kweli kwamba baba akipuliza alikuwa anasubiri, na ng'ambo ya korongo mtu anaitikia kwa mluzi mrefu, na asipoitikia baba anapuliza tena.

Kisha ikaja nyingine. "Siku hizi msaragambo wanaitana kwenye grupu la simu. Mtoto wa baba mdogo ndiye anatuma. Mimi nimo. Najibu wa kwanza."

Na nyingine, fupi.

"Ningeweza."

Niliandika majibu mengi nikayafuta yote. Mwishowe nikainuka nikamshikia ile petali ya pili isitikisike, nimefumba macho kwa sababu ya mwanga, mpaka akamaliza.

Nilidhani yameishia hapo. Jumamosi tulikuwa tunakula, ugali na dagaa, yeye upande wake wa meza na mimi upande wangu. Akaosha mikono, akaikausha, akaniuliza kwa mikono: sauti yake ilikuwaje?

Nikajifanya kutafuta chumvi. Akagonga meza. Akachukua simu.

"Umeandika anacheka. Umeandika anakohoa. Umeandika mpaka jogoo. Pale kwangu hujaandika kitu. Alikuwa anasikitika? Alikuwa na hasira? Mimi niliona mkono tu."

Ni kweli sikuandika. Mahali pote pengine niliandika, pale nikapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba asiyoijua vizuri. Nikaweka kiganja kifuani, nikakishusha. Huzuni, ndivyo tunavyosema nyumbani kwetu. Alikuwa na huzuni.

Kaka alinitazama. Ana macho ambayo huwezi kuyadanganya, yamefanya kazi mbili maisha yake yote. Akaniuliza, kwa mikono, bila ukali wowote: unadhani, au ulisikia?

Nikamwambia nitasikiliza tena.

Jumapili mwalimu alikwenda kanisani akaniachia ufunguo. Mji ulikuwa umetulia, mafundi wamefunga, upepo tu unasukuma karatasi barabarani. Nilifungua ile stoo, nikakaa, nikaweka spika masikioni, nikapeleka mkanda hadi pale.

Nilisikiliza. Nikarudisha. Nikasikiliza. Niliongeza sauti hadi masikio yakauma. Nilitafuta ufa wowote. Baba aliponiita mimi nilipokuwa nimeanguka, sauti yake ilikuwa inapasuka kidogo mwishoni, nilikuwa naijua hiyo, niliitafuta. Nilitafuta kama amemeza mate kabla ya kusema, kama amesita, kama neno la mwisho limeshuka. Wakati fulani niliruka kwenye kiti, nikasema huyo, amehema. Nikarudisha. Ilikuwa ni mkanda, zile kelele za mkanda alizosema mwalimu, zilikuwepo kabla na zilikuwepo baada.

Nikasikiliza alivyosema "ni kama sina mtoto," halafu alivyosema "ndiva inakuwa bakuli tu." Moja baada ya nyingine. Zilikuwa sauti moja. Alikuwa anaeleza kina cha tope, na kabla ya hapo alikuwa anaeleza jambo jingine la namna hiyohiyo.

Najua moyoni alikuwa na lake. Mpaka leo siamini kwamba hakuwa na kitu. Mtu hautoi mkono wa mtoto wake mgongoni taratibu vile kama haumuumizi. Ningeandika kwa huzuni, nani angelalamika? Mwalimu angefurahi. Watu wa Dar wangesoma wakaguswa, wangesema wazee wetu walikuwa na mioyo. Kaka angesoma, na huenda angeitia ile simu mfukoni akaenda kazini akiwa mwepesi kidogo. Niliyaandika hata hayo maneno, nikayaona yalivyokaa, yalikaa vizuri sana. Lakini kaka hakuniuliza baba alikuwa na nini moyoni. Hilo hata yeye anaweza kulibuni, amelibuni tangu alipokuwa na sare ya shule. Aliniuliza kilichosikika.

Nikayafuta. Kabla ya sentensi ile ya baba nikaweka mabano, na ndani yake nikaandika: kwa sauti ya kawaida. Nikabonyeza kuhifadhi, kisha nikabonyeza kile kitufe kipana cha kuiweka mtandaoni.